Barua ya wazi kwa wasimamizi wa filamu na kumbi za umma: tuacheni turudishe sahani za watu

Waheshimiwa,

Mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Mlio wadogo, na nahisi ndio wengi, marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi si mtu wa filamu. Ni mpishi wa shughuli, naishi Ngamiani hapa Tanga, na kazi hii niliianza nikiwa msichana wa kumenya vitunguu nyuma ya mama yangu. Leo nina miaka 62. Harusi, maulidi, hitima, arobaini, mtu akinijia na idadi ya watu wake nitamwambia mchele kilo ngapi, nazi ngapi, kuni mizigo mingapi na vijana wangapi wa kuteka maji. Barua za wakubwa sijazizoea. Hii nimeiandika kwenye daftari la hesabu za mchele, mjukuu wangu akanipigia chapa, kwa hiyo mkikuta mahali pameandikwa iliki nusu kilo mjue hilo si ombi.

Naandika mimi kwa sababu wenye filamu wanaogopa. Wanasema wakilalamika leo, kesho wakija na kazi nyingine mlango utakuwa mgumu. Mimi kazi nyingine ya kuleta kwenu sina. Wali hauhitaji kibali.

Mwaka jana vijana 14 wa mtaani kwetu walitengeneza filamu. Kampuni hawana, mdhamini hawana. Kamera ya kuazima, taa za kuazima kwa mpiga picha za harusi, na maiki waliyoifunga kwenye mti wa ufagio wa kutolea utando wa buibui. Muongozaji ni binti wa miaka 26 ambaye nilipika kwenye arobaini yake alipozaliwa. Jina la filamu siliandiki hapa, barua isije ikaonekana tangazo. Lakini inahusu nini lazima niseme, maana tabu yote ilianzia hapo.

Kuna mzee, fundi baiskeli. Mkewe alikuwa akikaanga vitumbua barazani, amefariki. Mnajua kwetu nyumba ikiwa na msiba jiko lake haliwashwi, majirani ndio wanaopika na kuleta. Basi siku tatu nyumba imejaa watu, uani kumejaa masufuria, mikeka mpaka barabarani. Hitima imesomwa, watu wamekula, kila mtu amekunja mkeka wake. Asubuhi ya siku ya nne mzee anaamka, anaingia jikoni kutafuta kikombe, anakuta juu ya kabati sahani 11 ambazo si za nyumba ile.

Ni sahani za majirani. Na sahani ya jirani hairudi tupu, hilo nani asiyelijua? Hata kama ni machungwa mawili ya Muheza, hata kama ni kipande cha mkate wa kumimina kilichobaki jana, unaweka kitu. Mzee huyu kwenye miaka 41 ya ndoa hajawahi kuchemsha hata chai. Filamu nzima ni hiyo: mgane mmoja na sahani 11, zitatokaje humo ndani.

Hakuna bastola. Hakuna mganga, hakuna tajiri anayeshuka kwenye gari huku muziki unalia. Sizibezi filamu za hivyo, nazipenda, Kanumba alipokufa Aprili 2012 nililia kama nimefiwa na mwanangu. Lakini hii ni ya namna nyingine. Dakika 84, na nyingi kati ya hizo mzee yuko jikoni.

Kuna jambo ambalo nimepika hitima zaidi ya mia sijawahi kulifikiri mpaka nilipoliona kwenye filamu hii. Mwanamke akifiwa na mume ana eda, miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani, watu wanakwenda kumtazama, ana muda wake wa kulia ambao kila mtu anaujua na anauheshimu. Mwanamume akifiwa na mke hana. Siku ya nne anaambiwa jikaze, na mtu wa tano kumpa mkono wa pole anamuuliza kama ile baiskeli yake imeshatiwa spoku. Mimi huyu, niliyewalisha waombolezaji mamia kwa mamia, sikuwahi hata siku moja kujiuliza yule bwana siku ya tano anakula nini.

Nilikaa nao siku 17. Waliniita kwa ajili ya chakula cha kuonekana kwenye picha, nikajikuta napika na cha kuliwa. Niwape mfano mmoja mjue kazi waliyoifanya. Muongozaji alitaka mvuke. Mzee anafunua kawa, wali wa nazi unafuka mpaka uso wake haupo, halafu unarudi polepole. Sasa mvuke wa wali ni wa mara moja, ukishafunua umekwenda. Kamera ikitetemeka, au mtoto akikohoa, umebaki na picha ya wali uliopoa. Kwa hiyo kwa sini ya nusu dakika nilipika sufuria 4, kilo moja moja, kila moja na nazi zake mbili, nikazipishanisha kwenye mafiga kwa dakika kumi kumi na kuzipalia makaa kwa zamu, ili ya kwanza ikiharibika ya pili iwe inakauka. Ya tatu ndiyo mtakayoiona. Zile nyingine zililiwa na watoto walioitwa kuigiza watoto.

Na mzee mwenyewe hakuwahi kuigiza maishani. Ni fundi baiskeli wa kweli, ana miaka 74, kibanda chake kiko barabara ya pili kutoka kwangu. Muongozaji hakumpa maneno ya kukariri, alimwambia apike tu. Anapokuna nazi akajikwaruza kidole kwenye mbuzi, ni kidole chake. Anapokamua tui akamwaga maji yote kwa mpigo, akapata kitu cheupe kisicho na ladha, hakuwa anaigiza. Nilikuwa nyuma ya kamera nimejiziba mdomo kwa kanga nisije nikapiga kelele. Mahali pamoja nilishindwa. "Tui la kwanza weka kando, baba!" Sauti yangu imo, wamejaribu kuitoa imekataa.

Zile sahani 11 tuliziazima kwa majirani wa kweli. Aliyewahi kupeleka vyombo shughulini anajua wanawake wanavyovitia alama: rangi ya kucha chini ya kitako, herufi mbili zilizogongwa kwa msumari, uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria. Bila hivyo harusi mbili tu zinakumaliza vyombo. Kwenye filamu mzee hazijui alama hizo, zilikuwa ni mambo ya mkewe. Anaigeuza sahani moja moja, anaisogeza karibu na dirisha, anajaribu kukumbuka nani anapaka kucha rangi ya waridi. Ya kwanza anairudisha na mayai mawili ya kuchemsha, moja limepasuka. Jirani anapokea kwa mikono miwili, hacheki. Anaingia ndani, anakaa kitako na ile sahani mapajani, na kamera inamwacha pale muda mrefu, mpaka unaanza kusikia redio ya nyumba ya pili.

Sasa nije kwenu.

Filamu ilipokwisha walikwenda kuomba ruhusa ya kuionyesha mtaani, bure, usiku mmoja. Ofisi walikokwenda sitaitaja, wala mji ilipo. Sina nia ya kumharibia mtu riziki. Mara mbili niliwasindikiza, maana mtu mzima akiwepo vijana hawafokewi.

Kijana wa dirishani akauliza, inahusu nini? Muongozaji akasema, msiba. Mimi nikaongeza, na wali. Akatazama fomu yake. Kulikuwa na makundi: mapigano, mapenzi, vichekesho, kutisha. Akauliza tuiweke wapi. Nikamwambia mwanangu, mapenzi hayo. Akauliza, mama, kwani wanapendana wapi, si mmoja ameshakufa?

Nikamweleza. Yule marehemu alikuwa akigeuzia vitumbua kwa spoku ya baiskeli. Si chombo cha kununua, ni spoku aliyoipinda mumewe ncha na kuisugua kwenye jiwe isimkwaruze, siku aliyokwenda kumposa. Hakuwa na pesa ya kanga. Miaka 41 kitumbua kimegeuzwa kwa spoku ile ile, na mzee anaikuta ikining'inia kwenye msumari juu ya jiko, ina mafuta bado. Kijana alinyamaza kidogo. Halafu akatia alama kwenye "nyinginezo".

Simlaumu. Fomu haikumpa nafasi. Lakini fomu hiyo hiyo haikuwa na mahali pa kuandika onyesho la bure la mtaani, na hapo ndipo tulipokwama. Walihesabiwa kama watu wanaofungua jumba la sinema la biashara. Ukijumlisha ada na kukodi ukumbi inazidi pesa yote iliyotengenezea filamu, na ninajua kwa sababu daftari la matumizi nilikuwa nalishika mimi. Ukumbi wenyewe Jumamosi zote umekodiwa na harusi (sitalalamikia hilo sana, harusi hizo ndizo zinazonilisha). Wakaomba kiwanja. Wakaambiwa kiwanjani huo ni mkusanyiko, nendeni ofisi ile. Ofisi ile wakaambiwa hiyo ni filamu, rudini mlikotoka. Safari 9, nauli zimo daftarini.

Bwana mmoja mpole huko huko, alitukaribisha mpaka na viti, akatushauri kama baba: siku hizi watu hawaendi sinema, iwekeni YouTube, dunia nzima itaiona.

Dunia nzima haikutuazima sahani.

Huyo bwana sikumjibu siku ile, namjibu leo. Kwanza, mzee wetu ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto haoni, la kulia anaona vitu vikubwa. Vijana wamempelekea filamu kwenye simu mara tatu, anaishika, anaigeuza, anaona mwanga unatembea tu. Anasikia sauti yake anacheka. Mtu aliyeibeba filamu nzima mabegani hajaiona mpaka leo. Tulipoining'iniza bafta uani kwangu na kumulika picha moja tu kwa majaribio, aliuona mkono wake ukiwa mkubwa kama mlango, akasema, huo mkono unatetemeka. Nikamwambia ulikuwa unapika mara ya kwanza, baba.

Bafta hiyo tulinunua mita 8. Muuza duka alipoona mama mtu mzima na vijana wawili wananunua bafta nyeupe mita 8 alitupa pole, na bei akatupunguzia. Hatukumkatalia.

Pili, kuna vibanda umiza, vile vya kutazamia video kwa kiingilio. Tunavyo, kila kona. Lakini nani anakaa mle? Ni vijana wa kiume, mpira, na zile filamu za nje zinazotafsiriwa na sauti ya mtu mmoja. Sina ugomvi nao. Ila mwanamke wa umri wangu hakai kwenye benchi lile, mama mwenye mtoto mgongoni hakai, mzee mwenye mtoto wa jicho hakai. Hao ndio wenye sahani.

Zamani hatukuwa hivi. Mimi nimekulia Tanga ya sinema. Kulikuwa na Majestic, Novelty, Regal, na Jumapili mtu alivaa kwenda sinema kama anavyovaa kwenda harusini. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mama yangu alinichukua, nimelala mapajani mwake kwenye filamu za Kihindi nisizoelewa neno lakini nimelia zote. Wanawake walibeba bajia na kachori kwenye mikoba. Mtu akifa kwenye picha ukumbi mzima ulikuwa unasema innalillahi. Filamu ikiisha haikuisha, iliendelea barabarani mpaka nyumbani, na kesho yake kwenye kisima. Leo mjukuu wangu ukimtajia Novelty anadhani ni duka la viatu. Na si Tanga peke yake. Avalon, Empire na Odeon za Dar es Salaam zimebaki majina ya kuelekezana njia, na Majestic ya Zanzibar, iliyofunguliwa 1955, kwa miaka mingi tumekuwa tukiitazama inavyobomoka.

Mtaniambia kuonyesha filamu uwanjani ni jambo jipya, linahitaji utaratibu. Binti muongozaji amesoma, amenionyesha jambo ambalo sikulijua ingawa lilitokea mkoani kwetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kambi ya kutengeneza filamu Vugiri, kule juu Usambara, Korogwe. Walitengeneza filamu kama 35 za kuwafundisha Waafrika: safura, kodi, kuweka akiba posta. Walizitia kwenye lori pamoja na mashine ya umeme, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, wakitundika kitambaa uwanjani, sauti ikitoka kwenye santuri. Watu walikaa chini kwa mamia wakatazama. Ni miaka 90 hiyo. Mkoloni aliyetaka kutufundisha kulipa kodi alipata uwanja, na kijana wetu anayetaka kumwonyesha jirani yake sahani yake mwenyewe anaambiwa aende ofisi ya pili.

Wala hamhitaji kwenda mbali kutafuta mfano mzuri. Tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998, juu nyota, chini mikeka na viti, na limewahi kuzipeleka filamu mpaka vijijini Unguja na Pemba. Hakuna ngome iliyoanguka. Na filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilipofika kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021, na mwaka uliofuata nchi ikaipeleka kuwania Oscar, nilifurahi kama mtu aliyeoza mtoto. Lakini kama njia ya filamu yetu kwenda Toronto ni nyoofu kuliko njia ya kutoka kwangu mpaka barabara ya 12, kuna mtu amechora ramani vibaya.

Sasa hoja yangu, na ni moja tu, nisije nikawachosha.

Sikatai kukaguliwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 naiheshimu, ipo, na najua imerekebishwa. Mimi mwenyewe bwana afya akija ananikagua sufuria, ananikagua kucha, na naona ana haki. Anayeuza wali awe na leseni, sawa kabisa. Lakini jirani akimpelekea jirani sahani ya wali, mmewahi kumsikia bwana afya akimdai leseni ya hoteli? Hajawahi, kwa sababu anajua tofauti ya kuuza na kupelekeana. Ninachoomba ni tofauti hiyo hiyo iingie kwenye filamu. Ikaguliwe kama nyingine zote, mara moja. Ikishapita, mtaa ukitaka kuitazama bure kwenye uwanja wake au kwenye ukumbi wa umma, iwe ni karatasi moja kwa mtendaji wa mtaa, si ada ya jumba la biashara wala safari 9.

Na kumbi. Jumatatu na Jumanne harusi hakuna. Nimepika kwenye kumbi hizo miaka yote, nakwenda Jumatatu kuchukua masufuria yangu, nakuta giza, viti vimepandishwa juu ya meza na mlinzi amelala. Tupeni Jumatatu moja kwa mwezi. Tutafagia wenyewe, na mlinzi tutamwekea sahani yake.

Najua kuna mtu atasoma hapa aseme, mama huyu anataka sinema ya bure wakati zahanati haina dawa. Mwanangu, nimepika kwenye misiba ya waliokosa dawa, usinifundishe. Sijaomba hela. Nimeomba ruhusa ya kutundika kitambaa.

Kuna sini moja sikuieleza. Sahani ya 11 haina alama. Mzee anaipeleka nyumba hadi nyumba, kila mtu anaigeuza anasema si yangu. Mpaka anafika kwa bibi mmoja mwisho wa mtaa, naye anaipokea, anaitazama, anamwambia, hii ni ya kwenu. Mkeo alinipelekea kitumbua wiki moja kabla hajalala. Mimi ndiye niliyeirudisha siku ya msiba, ulikuwa huoni.

Tulipoipiga sini hiyo ilikuwa jioni, karibu na magharibi, na mtaa mzima ulikuwa umesimama nyuma ya kamera umenyamaza. Hata wauza machungwa. Yule bibi naye si muigizaji, aliambiwa maneno mara moja akayasema kwa namna yake. Mzee alipoipokea ile sahani hakujua afanye nini nayo, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyerudishiwa, na haikuwa tupu. Alikuwa ameweka vitumbua vitatu ndani, vya kwanza alivyowahi kukaanga vikatoka duara. Bibi akachukua kimoja akamwachia viwili. Hilo halikuwa kwenye skripti. Muongozaji hakusema kata, alisahau.

Watu wale wote waliosimama pale hawajaiona.

Sahani 11 bado ziko kwangu, kabatini, nimezifunika kitambaa. Tuliwaahidi wenyewe kwamba zitarudi usiku wa onyesho, zikiwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mchele nimeshauweka. Kilo 20. Mwenye sahani ya maua ya buluu amekuja mara mbili, ana wageni kutoka Pangani Ijumaa na sahani zake hazitoshi. Ningemrudishia, lakini siwezi kumpa tupu, na nikiitia wali leo nitakuwa nimevunja ahadi ya wale kumi. Nimempa yangu aitumie kwa sasa. Nimemwambia nasubiri barua yenu.

Wenu,
Mpishi wa shughuli,
Ngamiani, Tanga